Sombe ya Mama Nsimire

Ipo alasiri moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka naacha ninachokifanya. Jana nilipokusikia ukimwambia mama yako kwamba Jumatatu unaanza kazi katika ofisi ya msaada wa kisheria, nikajisemea, huyu lazima nimsimulie kabla hajaingia mlango ule. Basi vuta kiti. Chai iko kwenye chupa, jimiminie mwenyewe, maana goti langu leo halitaki kuamka.

Wakati huo nilikuwa msichana bado. Nilikuwa nimetoka Nyamira na kufikia kwa shangazi yangu hapa Adelphi, Amerika, katika zile nyumba za ghorofa nyuma ya University Boulevard. Siku nyingi za wiki nilikuwa nafanya kazi ya kutunza wazee, na siku za mapumziko nilikuwa mkalimani wa Kiswahili kwa mawakili wanaowatetea watu wasioweza kumlipa wakili. Kazi hiyo ya pili niliipenda sana, na sababu yake sitakuficha. Nilipenda kujua mambo ya watu. Shangazi alikuwa akinicheka, anasema mimi nikipita mbele ya mlango wa jirani natamani kujua nani yuko ndani na amepika nini.

Siku moja akanipigia simu wakili mmoja wa ofisi ile, mwanamke mpole aitwaye Teresa. Amepata kesi ya kijana Mkongomani aitwaye Bahati, ambaye mama yake hasikii Kiingereza vizuri. Akaniuliza kama Kiswahili cha Kongo nakiweza. Nikamwambia nakielewa, kwani kazini nilikuwa nashinda na akina mama wa Bukavu na Uvira, na masikio yangu yalishazoea “batu” na “mutoto” wao.

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Kanisa moja la Wakongomani lilikuwa na sherehe ya posa katika ukumbi wa kukodi, na kila familia ilileta chakula. Mama yake Bahati, Mama Nsimire, alileta sufuria kubwa ya sombe, yale majani ya muhogo yanayotwangwa na kupikwa kwa mawese. Aliyesimamia chakula alikuwa shemasi mmoja aitwaye Deo. Huyo alikuwa mtu wa makamo aliyeheshimiwa sana. Mkimbizi mgeni akifika uwanja wa ndege, Deo ndiye aliyekwenda kumpokea na koti la baridi mkononi. Basi watu wakiwa bado wanaimba, Bahati akaingia jikoni kutafuta barafu, akamkuta shemasi anamwaga sombe ya mama yake kwenye pipa la takataka. Akamuuliza kwa nini. Shemasi akamjibu, “Chakula ya Mutwa, hata imbwa ya kwetu haikulake,” yaani hata mbwa wa kwao hali. Bahati akamsukuma. Shemasi akaangukia kona ya jiko, mkono ukavunjika. Mtu akapiga simu polisi, na Bahati akatolewa ukumbini na pingu mbele ya mama yake.

Siku ya kwanza tulikutana ofisini kwa Teresa, sisi wanne. Bahati alikuwa kijana mrefu, anafanya kazi ya kufua mashuka ya hospitali, na muda wote alikuwa anakunja na kukunjua ukingo wa kofia yake. Mama yake alikuwa mfupi, amejifunga kitenge juu ya suruali ya baridi, ametulia kama aliyekuja kumsubiri mtu.

Teresa akaeleza hatari ilivyo. Shtaka ni la shambulio. Bahati ana grinikadi, kile kibali cha kuishi hapa, hajawa raia. Akikutwa na hatia, watu wa uhamiaji wanaweza kumfungulia kesi nyingine, na hiyo ikienda vibaya anarudishwa kule alikokimbia. Lakini kuna njia. Mwendesha mashtaka amekubali jambo hili lipelekwe kwenye kikao cha mapatano, shemasi naye akiridhia. Watu wanakaa kwa duara, aliyeumiza na aliyeumizwa pamoja na watu wao, wanasema yaliyotokea na wanakubaliana namna ya kutengeneza kilichoharibika. Wakikubaliana na kila mmoja akatimiza, shtaka linafutwa. Wasipokubaliana, kesi inarudi kwa hakimu.

Nilitafsiri hayo yote vizuri. Kisha Teresa akamgeukia mama, akamuuliza ni maneno gani hasa shemasi alisema. Mama Nsimire akayarudia kama mwanawe alivyomwambia, neno kwa neno. Nami, mwanangu, niliona aibu kuyatia mdomoni mwangu. Nikamwambia Teresa kwa Kiingereza kwamba shemasi alikidharau chakula chao.

Mama Nsimire akanishika mkono wa sweta.

“Dada,” akasema, “Kingereza nasikiaka kidogo. Ile haikuwa maneno yake.”

Nikamweleza kwamba nilitaka kumpunguzia uchungu.

“Uchungu ni yangu. Ukiipunguza, huyu avoka, huyu wakili, atajuaje ni kubwa namna gani? Atatetea nini? Sema yote. Mutwa na imbwa, sema.”

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayemwonyesha mwenzake kwamba kifungo cha shati kimeachwa wazi. Nikarudia kwa Teresa, safari hii kamili, na Teresa akaiweka kalamu yake chini. Akauliza, “Mtwa ni nani?”

Mimi pia sikujua. Kwetu nilisikia habari za Waogieki wa msitu wa Mau, lakini Watwa, sikuwa na habari yao. Mama Nsimire akatuambia. Watu wake walikuwa msituni kabla ya makabila mengine kufika na majembe na ng'ombe. Msitu huo baadaye ukafanywa mbuga ya serikali, wakatolewa na askari, na hawakupewa shamba hata la kuzikia. Wakabaki kukaa pembeni mwa vijiji vya watu, wanalima kwa vibarua na kufinyanga vyungu.

“Chungu yetu banaikamata,” akasema, “banapikia batoto yao. Lakini kukula na sisi, kukaa ku kiti kimoja na sisi, hapana. Nilifikiri ile kitu ilibakia kule. Kumbe walipanda nayo ndege.”

Teresa aliandika wee mpaka akatingisha mkono. Nilivyomwona hivyo nikaelewa kwa nini mama hakutaka nipunguze.

Wiki iliyofuata tukakutana na mwanamke ambaye angeongoza kikao. Aliitwa Bibi Lorraine. Nywele zake zilikuwa nyeupe, amezisuka msuko mmoja mgongoni, na viatu vyake vilikuwa vya mtu anayetembea sana. Kawaida yao ni kuonana kwanza na kila upande peke yake, ili watu wasije wakashtukizana kikaoni. Akajitambulisha. Alisema yeye ni wa watu wa Piscataway, waliokaa kandokando ya mto Potomac na vijito vyake kabla meli za wazungu hazijafika. Alisema pia kwamba kukaa kwa duara na kuzungumza mpaka jambo likae sawa hakukuanzia katika ofisi yoyote ya serikali. Mataifa mengi ya wenyeji wa bara hili yalikuwa na namna zao za kufanya hivyo, na yeye alifundishwa na wazee wa mataifa kadhaa. Akatumia neno moja la Kiingereza kujieleza yeye na watu wake, neno la wale waliokuwapo mahali tangu asili. Nikatafuta Kiswahili chake haraka haraka, nikasema, “Anasema yeye ni mwenyeji wa hapa.”

Mama Nsimire akafikiri, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

“Mwenyeji ni mutu anakaribisha mugeni,” akasema. “Sisi hatukukaribishaka mutu. Walikuja tu. Muulize, wao walikaribisha?”

Nikauliza. Bibi Lorraine akacheka polepole, akasema kwa kweli mwanzoni baadhi yao walikaribisha, wakawapa wageni mahindi.

“Halafu?”

“Halafu hawakuondoka.”

“Udongo yenu, walirudisha?”

“Jina letu wamelitambua, baada ya kuomba miaka mingi. Ardhi, bado.”

Mama Nsimire akaitikia kwa kichwa. Hapo wakaanza kuulizana, mwanangu, mpaka mdomo wangu ukakauka. Mlikuwa mnakula nini? Mliwazika wapi watu wenu? Watoto wenu wanaijua lugha? Mtu akiiba kwenu mlimfanya nini? Mama Nsimire akasema kwao mtu akikosea, wazee walikaa naye na waliokosewa, na hakuna aliyeondoka kabla yule aliyekosewa hajasema mpaka mwisho. Hata kama ni mtoto. Bibi Lorraine akaomba nirudie hilo la mwisho. Nikarudia. Bahati alikuwa amesahau kofia yake mezani, anamwangalia mama yake kama anamwona upya. Baadaye kwenye gari aliniambia, “Hizo story hajawahi kunitell.”

Nikamuuliza kama aliwahi kumuuliza. Akaangalia magari ya barabara kuu ya Beltway.

Sasa nakuja kwenye alasiri yenyewe. Tulikaa katika chumba cha mikutano kule Greenbelt, chenye dirisha kubwa na viti vilivyopangwa duara bila meza katikati. Upande mmoja Mama Nsimire na Bahati, na Teresa karibu yao. Upande wa pili shemasi Deo, mkono kwenye plasta, na mkewe Mama Riziki, mwanamke mnene mwenye sauti ndogo. Mimi nilikaa kando ya Bibi Lorraine. Sheria ilikuwa moja tu, kwamba mmoja anasema na wengine wanasikiliza mpaka amalize.

Bahati alianza. Alikuwa amejiandaa, lakini aliyoyaandaa yalimpotea, akasema kwa kifupi. “Papa Deo, nilikupush nikiwa na hasira. Sikutaka mkono uvunjike. Nikiwa kazini nakumbuka ile sauti ya mfupa. Pole. Ni kosa yangu.”

Shemasi akasema hasira ya vijana anaijua, na kwamba mkono umemletea shida kazini na nyumbani, hata kujifunga viatu anasaidiwa. Kisha akasema, “Huyu mutoto nimemusamehe. Mie ni mutu wa kanisa. Tumalize, kila mutu arudi kwake.”

Nilimwona Teresa akishusha pumzi. Mwenyewe nilianza kufunga mkoba wangu. Jambo limekwisha, nikawaza, na hata saa ya chai haijafika.

“Haijaisha,” Mama Nsimire akasema.

Akaeleza anachotaka. Tangu sherehe ile, kanisani watu wanamwita mwanawe mkorofi. Wanasema kijana amempiga shemasi bila sababu, ndiyo shida ya vijana wa Amerika. Hakuna anayejua sombe ilikwenda wapi. Anataka shemasi asimame katika ukumbi uleule, mbele ya watu walewale, aseme alichofanya na alichosema.

Deo akakunja uso. “Ile ilikuwa maneno ya jikoni. Ibakie jikoni. Nikisimama kusema vile, nitabakia shemasi ya nani?”

Nikatafsiri. Mama akasema hataki kitu kingine. Deo akasema hicho hawezi.

Teresa akaomba tutoke kidogo, tukasimama koridoni karibu na mashine ya maji. Akamwambia mama, kwa upole lakini bila kumficha, kwamba shemasi ndiye mlalamikaji. Akiondoka bila makubaliano, Bahati anarudi mahakamani, na yeye Teresa atampigania kwa nguvu zote, lakini hawezi kumuahidi mwisho wake. Bahati akamshika mama yake bega. “Mama, please. Tukubali tu, twende nyumbani.”

Ulimi uliniwasha, mwanangu. Nilitaka kumwambia, mama, kubali, mwanao kwanza. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Nikayameza, kwa sababu hayakuwa ya mtu yeyote niliyekuwa namtafsiria.

Mama Nsimire akamwangalia Bahati, si mimi wala wakili. “Batu walitutosha, walitufukuza ku msitu, nilinyamaza. Walinikataza maji ku kisima, nilinyamaza, ili wewe uishi. Umeishi. Umekuwa mutu mukubwa. Sasa nikinyamaza tena, nakufundisha uishi namna gani?”

Nikatafsiri hilo kwa Teresa. Teresa akasema, “Sawa. Ni uamuzi wenu. Nipo.” Bahati akajifuta uso na kofia, akamwambia mama yake kwa Kiswahili kisichochanganywa na kitu, “Turudi ndani.”

Tuliporudi nilidhani Bibi Lorraine atamsihi shemasi, au amwonye. Hakufanya hivyo. Alisogeza kiti chake mbele kidogo, akaweka viwiko juu ya magoti, akasema, “Bwana Deo, mimi si wa kwenu na kuna jambo silielewi, nisaidie. Kama sombe ile ingewekwa mezani na ukaila, nini kingetokea?”

Niliitafsiri kama ilivyo. Nilimtazama Deo kwa makini kwa sababu mimi pia nilitaka kujua. Watu wangekufa? Wangeugua? Mungu angekasirika?

“Sijui,” akasema mwishowe.

“Nani alikufundisha kwamba haliwi?”

“Mama yangu.”

“Alisema kwa nini?”

“Hakusema.” Akaangalia plasta yake. Bibi Lorraine hakuongeza kitu. Alimngoja tu, na sote tukangoja pamoja naye, mpaka Deo akaanza kusema akiangalia sakafu.

Alikuwa mtoto wa kuchunga mbuzi. Siku moja mvua ya mawe ilimkuta mlimani, akajibanza kwenye kijumba cha mama mmoja Mtwa aliyekuwa anafinyanga vyungu. Yule mama akamkalisha karibu na moto, akampa viazi vitamu, akala. Aliporudi kwao akamhadithia mama yake kwa furaha. Mama yake akamchapa. Kisha akamvuta mkono mpaka kule kwenye kijumba, akamchapa tena mlangoni, yule mama wa vyungu akiona.

Mama Riziki, mkewe, alimgeukia polepole. Ilikuwa wazi kwamba habari hiyo alikuwa haijui.

Mama Nsimire ndiye aliyeuliza. “Yule mama alifanya nini?”

“Aliingia ndani. Akafunga mulango.”

“Viazi vilikuwa namna gani?”

Nilifikiri nimesikia vibaya. Lakini ndivyo alivyouliza, na aliuliza kwa sauti ya mtu anayetaka kweli kujua. Deo akainua macho, akamwangalia usoni kwa mara ya kwanza siku ile.

“Vitamu,” akasema. “Vilikuwa vya moto, na nilikuwa na baridi.” Mkewe akampa leso, naye akaishika tu bila kuitumia. Baada ya muda Mama Riziki akasema kwa sauti yake ndogo, “Hata kwetu, chungu ya maharage ilikuwa yao. Ya maji pia. Tulinunua kwao. Mie sikuwahi kujiuliza.”

Hakuna aliyeomba msamaha wakati ule. Bibi Lorraine akauliza tu kama kuna mtu anataka kuongeza. Deo akasema, “Nitasema mu ukumbi. Lakini mie siko muzuri wa kusema. Nitasema vibaya.”

“Sema tu,” Mama Nsimire akajibu.

Wakakubaliana pia kwamba Bahati atampeleka Deo kliniki ya mazoezi ya mkono kwa gari lake mpaka apone, kwa kuwa Deo hakuweza kushika usukani. Basi tukaondoka. Nje kulikuwa na jua bado, na mimi nilikuwa na njaa kama niliyelima.

Jumapili ambayo Deo angesema ukumbini nilikwenda. Hakuna aliyenialika kutafsiri, nilikwenda kwa ule udadisi wangu, na mimi Msabato niliyezoea ibada ya Jumamosi nikajikuta naenda kanisani siku mbili mfululizo. Baada ya ibada watu walihamia ukumbini kula. Deo akasimama karibu na meza ya chakula, na kweli alisema vibaya. Aliyumbayumba, akaanzia habari ya ukimbizi, akaingia ya mvua, mpaka watu wakaanza kutazamana. Halafu akasema, “Ile siku ya posa, sombe ya Mama Nsimire niliimwaga mie. Nilisema chakula ya Mutwa hata imbwa haikule. Mutoto yake hakunipiga bure. Nilimukosea mama, nilimukosea mutoto, na niliwadanganya ninyi kwa kunyamaza.”

Mzee mmoja akachukua kofia yake akatoka, na familia moja ikamfuata. Wanawake wawili nyuma yangu walinong'onezana, mmoja akisema, kwani si kweli wao ni Batwa? Mchungaji, aliyeona hali inaharibika, akainuka akamwita Mama Nsimire mbele ili wakumbatiane na shemasi na watu waimbe. Kwaya ilishaanza kutafuta sauti.

Mama Nsimire akasimama pale pale alipokuwa. Hakwenda mbele. Akamtazama Deo, kwaya ikanyamaza yenyewe, akasema, “Nimesikia.”

Akakaa.

Mchungaji alingoja aendelee. Hakuendelea. Watu wakaanza kupakua chakula kwa sababu hawakujua kingine cha kufanya, na kelele za vijiko zikarudi kidogo kidogo.

Shtaka lilifutwa. Teresa alimpigia Bahati simu akiwa kazini, na Bahati akasema alikaa chini katikati ya mashuka. Alimpeleka Deo kliniki kama walivyopatana. Mwanzoni walikaa garini kimya kama abiria wasiojuana, baadaye wakaanza kubishana habari za mpira, na mkono ukapona. Familia ile iliyotoka ilihamia kanisa lingine. Deo aliacha ushemasi kwa muda, mwenyewe, halafu wakamrudisha. Mama Nsimire aliendelea kusali palepale na kupika palepale, na wengine walikula, na wengine mpaka leo wanapita sufuria yake kama hawaioni. Nilimuuliza siku moja kama alimsamehe Deo. Akaniambia hilo bado analifikiria, na akaniuliza kama nina haraka.

Sasa sikiliza, mwanangu, ninachotaka uende nacho Jumatatu.

Utakutana na watu ambao maneno waliyotupiwa ni mabaya kuliko mdomo wako unavyoweza kuyabeba. Yabebe hivyo hivyo. Huwasaidii kwa kuyasafisha, unawaacha peke yao na yale machafu. Na mtu akija bila wakili, mtafutie wakili kwanza, hata kama jambo linaonekana dogo na watu wanasema tuzungumze tu kindugu. Mama Nsimire aliweza kusema hapana katika kile chumba kwa sababu alijua Teresa yuko, na kesi ikirudi mahakamani mwanawe hatasimama peke yake. Mnyonge asiye na mtetezi, duara kama lile linaweza kumfunga kuliko jela.

Na unapouliza, uliza kwa kutaka jibu. Nimesikia maswali mengi katika kazi ile, na mengi yalikuwa hukumu iliyovalishwa nguo ya swali. Watu wanayanusa mbali, wanafunga milango. Mtu akiona kweli hujui na unataka kujua, hata aliyekosea anaweza kukuonyesha mahali kosa lilipozaliwa.

La mwisho, usimdai aliyeumizwa msamaha ili wewe ufunge faili na ulale vizuri. Kazi yako ni kuhakikisha amesema mpaka mwisho na kuna aliyemsikia. Kinachofuata hapo ni chake, akipe muda anaoutaka.

Haya, chai imepoa na wewe una njia ya kwenda mpaka Falls Church. Nenda na kibali cha Mungu. Akupe masikio yasiyochoka na ulimi usioongeza wala kupunguza. Kila mnyonge atakayekaa mbele yako ajue amekaa mbele ya mtu, na watoto wako wakue wakiuliza bila kuogopa. Mimi nakuombea, na bibi yako aliyelala kule Nyamira anakuombea. Endesha polepole.